Rehani ya Mchuuzi wa Miche

Nyumbani mwangu kuna kitabu kisicho changu. Hakina maneno mengi. Ni kitabu cha picha, zipatazo 30, na kila picha imetiwa ndani ya ukurasa wa nailoni ili isiharibiwe na mvua. Zote ni picha za matunda: maembe, machungwa, mapera, maparachichi, mastafeli, na kichala kimoja cha zabibu ambacho sijaona mfano wake ukiota katika vijiji vyetu. Jalada lake hufungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mwenyewe alikuwa mchuuzi wa miche, aliyezunguka vijiji vya Unyanyembe kwa baiskeli, na kitabu hiki kilikuwa kwake kama jembe lilivyo kwa mkulima. Mimi nalikichukua kwake mwaka 2015, mbele za watu, na siku ile nalidhani ya kuwa nakichukua kwa haki.

Kijiji chetu ki kando ya njia itokayo Tabora kwenda Kwihara. Mchuuzi yule alifika kwetu mara ya kwanza mwezi wa Novemba 2009, mvua za kwanza zilipokwisha kulainisha ardhi. Nalirudi kutoka shuleni nikamkuta ameegemeza baiskeli yake penye mti, kreti mbili za miche zimefungwa nyuma, naye ameketi juu ya kigoda. Mama yangu mzazi, aliyekuwa akimenya karanga mkekani, alikuwa ameziacha karanga zake na kukiinamia kile kitabu.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema yule kijana.

"Marahaba. Habari za njia?"

"Njema. Namwonyesha Bibi matunda."

Mama hakujua kusoma. Vitabu vyangu alikuwa akivifuta vumbi tu na kuvirudisha mahali pake. Lakini kitabu hiki alikisoma. Alifungua ukurasa, akapitisha kidole juu ya picha, akafungua mwingine, asiseme neno. Hata alipofika kwenye embe jekundu, yaani jekundu begani na manjano chini, akakaa hapo.

"Hili ni embe kweli, mwanangu, au mmelipaka rangi?"

Kijana akacheka. "Ni embe, Bibi. Hivi ndivyo lilivyo mtini."

"Na likipandwa hapa litaliwa lini?"

"Miaka mitatu au minne, Mungu akipenda."

Mama akanitazama. Wakati ule alikuwa amekwisha kupita miaka 70, nami nikaijua hesabu aliyokuwa akiifanya moyoni. Basi sikubishana sana juu ya bei. Nikanunua miche mitano ya embe lile jekundu, kila mche shilingi 2,500, jumla shilingi 12,500. Jirani yangu alipoiona akashika mbavu kwa kucheka. Akasema, "Mwalimu, kununua mwembe Unyanyembe ni kama kununua maji nawe umesimama kisimani!"

Jirani hakucheka bure. Mgeni ajaye Tabora huiona miembe kabla ya kuuona mji. Na miti hii haikuwa ya nchi hii tangu mwanzo. Asili ya mwembe ni Bara Hindi na nchi zilizo jirani nayo. Ulikuja pwani yetu kwa vyombo vya baharini, na kutoka pwani ukapanda bara kwa miguu ya watu. Njia yenyewe twaijua sote: Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Tabora, hata Ujiji penye ziwa, kilometa kama 1,200. Burton na Speke waliotoka pwani mwezi wa Juni 1857 walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya zamani, mwezi wa Novemba mwaka ule ule, wakawakuta Waarabu wamekwisha kujenga. Pembe za ndovu zilishuka pwani, nguo na shanga na bunduki zikapanda bara, na watu wengi walipitishwa njia ile wakiwa watumwa. Penye kambi, penye kisima, penye nyumba ya tajiri, miembe ikaota: mingine ilipandwa kwa makusudi, mingine ni kokwa lililotupwa tu. Wazee wetu husema kila mwembe wa njiani ni alama ya mtu aliyekaa akapumzika. Wengine hujibu ya kwamba si wote waliopita walioruhusiwa kupumzika. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ilikoma, lakini miembe haikuwa na habari ya reli, ikaendelea kuzaa. Mwaka 2006 njia hii iliandikwa katika orodha ya mahali ambapo Tanzania yakusudia kupapendekeza UNESCO pawe urithi wa dunia.

Kwa hiyo, mwezi wa Novemba na wa Desemba maembe kwetu ni kama mchanga. Watoto hula, mbuzi hula, mengine huoza chini ya mti na nyuki na nzi hugombania. Ni madogo, utamu unayo, ila yana nyuzi ambazo mtu hukaa akizitoa menoni mpaka usiku. Nani angetoa fedha kununua mwembe mahali kama hapa? Ni mtu aliyeona picha tu.

Miche yetu mitano ilikuwa na historia fupi. Miwili iliisha kwa mchwa kabla ya Krismasi. Wa tatu ulikauka kiangazi. Ikabaki miwili: mmoja mbele ya nyumba, na mmoja nyuma ya jiko, chini ya mwembe mkubwa wa kale, mahali pabaya penye kivuli, ambapo mama alipachagua kwa sababu ni karibu na maji ya kuoshea vyombo. Ule wa nyuma ulidumaa. Mwaka hata mwaka ulikuwa na kimo kile kile, kama mtoto asiyepata chakula. Lakini ule wa mbele, mwaka 2010, baada ya mbuzi kuuvamia siku moja na kuula mpaka tukadhani umekufa, ulichipua tena kwa nguvu ya ajabu. Ukakimbia kwenda juu. Mama akafurahi sana. Aliuita "mjukuu wangu," akauzungushia miiba, akautilia samadi, na kila jioni alikwenda kuupima kwa fimbo yake.

Mama alifariki mwezi wa Machi 2013. Mti ulikuwa umempita kimo, ila haukuwa umetoa ua.

Ulizaa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2015. Nalikuwa nikiyatazama yale maembe kila asubuhi yakikua, nikingoja yapate wekundu. Hayakupata wekundu. Yalibaki kijani, kisha yakawa manjano kidogo, madogo kama ngumi ya mtoto. Nikachuma moja, nikalikata, nikala. Nyuzi tupu. Lilikuwa ni lile lile embe la njiani ambalo mbuzi hulipata bure.

Sitaki kuficha jinsi nilivyokasirika. Hasira yangu haikuwa ya shilingi 12,500. Nalimwona mama akienda na fimbo yake jioni, miaka mitatu, kuupima uongo wa mtu mwingine. Nikawaambia watu baada ya ibada, nikawaambia walimu wenzangu, nikawaambia wazazi waliokuja shuleni, ya kuwa mchuuzi yule ni mwizi, na kitabu chake ni chambo. Neno la mwalimu kijijini hufika mbali, kama mjuavyo.

Juma lililofuata yule kijana akaja, kama desturi yake wakati wa mvua, asijue lolote. Watu wakamleta barazani kwangu. Mwenyekiti wa kitongoji akaitwa. Nikampa yule kijana embe mkononi, nikamwambia, "Kula." Akala, akanyamaza. Akalitazama kokwa na nyuzi zake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, naomba nikautazame mti."

Nikamjibu, "Mti wa nini? Tunda ndilo shahidi." Tena nikamtajia maneno ya Injili juu ya mti na matunda yake, na watu wakaitikia.

Akaomba mara ya pili. Nikakataa mara ya pili.

Mwenyekiti akaamua nirudishiwe fedha zangu zote. Kijana akatoa alizokuwa nazo, shilingi 4,000. Zikabaki 8,500. Akaulizwa ataweka nini rehani. Miche hakuna aliyeitaka, baiskeli ilikuwa ya kuazima. Basi nikanyosha mkono, nikakichukua kitabu cha picha. Alikitazama kitabu mkononi mwangu kitambo kidogo, akafunga kreti zake, akaondoka. Mtoto mmoja, mwanafunzi wangu, akamtupia kokwa la embe mgongoni. Nalimwona, nami sikumkemea.

Kitabu kikakaa kwangu. Mwanzoni nalikiweka juu ya kabati kama mtu awekavyo silaha aliyomnyang'anya adui. Baadaye, jioni, nikaanza kukifungua. Chini ya kila picha palikuwa na karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkono mzuri, jina la tunda na maneno machache: mwezi wake wa kuiva, udongo uupendao, umbali wa mti na mti. Chini ya embe jekundu paliandikwa Tommy Atkins. Jina la mtu! Nikataka kumjua ni nani huyu aliyemdanganya mama yangu.

Nikasoma, nikaona mambo ambayo sikuyatazamia. Mwaka 1889 miche michache ya mwembe uitwao Mulgoba ilitolewa Bara Hindi ikapelekwa Florida, Marekani. Kutokana na mbegu ya Mulgoba, nahodha mmoja aitwaye John Haden alipanda miembe mwaka 1902. Akafa mwaka 1903, asile tunda lake. Mke wake ndiye aliyeitunza, na mwaka 1910 mmoja wao ukazaa embe kubwa jekundu, ukaitwa Haden. Katika miaka ya 1920, kutokana na mbegu ya Haden, ukaota mti mwingine katika shamba la Bwana Thomas Atkins huko Fort Lauderdale. Na kila mwembe wa jina hilo duniani leo ni tawi la mti ule mmoja, lililokatwa likapandishwa juu ya shina jingine, na kutoka hapo likakatwa tena, mpaka likafika kreti ya soda nyuma ya baiskeli, Unyanyembe. Nalisoma habari ya yule mjane nikakifunga kitabu siku ile.

Hapa yafaa nieleze, kwa ajili ya msomaji asiyefuga miti. Makokwa ya maembe hayana tabia moja. Yako makokwa yatoayo machipukizi kadhaa, na mengi ya hayo humfuata mama yake. Na yako makokwa yatoayo chipukizi moja tu, mtoto wa mama na baba, naye hujui atafanana na nani. Embe jekundu la Florida ni la aina hii ya pili. Ukipanda kokwa lake utapata mwembe, lakini hutapata embe lile. Ndiyo sababu mafundi hufanya kazi waiitayo kubebesha. Hupanda kokwa la embe la kienyeji, ili wapate mizizi yenye nguvu. Mche ukifikia unene wa penseli huukata kichwa, huchomeka juu yake kikonyo, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mti bora, wakafunga kwa ukanda wa nailoni mpaka viwili vikawa kimoja. Chini ni mti mmoja, juu ni mwingine, na mahali walipokutana huonekana kovu. Nalikuwa nimeyasoma haya yote, nisifikiri ya kuwa yananihusu.

Nikasoma pia habari ya vitabu vyenyewe, maana nalitaka kujua kama ni ujanja wa yule kijana. Kumbe ni kazi ya zamani sana. Katika mji wa Rochester, jimbo la New York, palikuwa na vitalu vikubwa vya miche. Kile cha Ellwanger na Barry kilianza mwaka 1840. Wenye vitalu waliwatuma wachuuzi kwa wakulima wa mbali, na wachuuzi hawakuweza kubeba tunda lililoiva miezi yote ya mwaka. Hapo muuza vitabu mmoja wa mji ule, D. M. Dewey, akaanza katika miaka ya 1850 kutengeneza picha za matunda na maua kwa ajili yao. Watu wake walikata umbo la tunda katika karatasi ngumu, wakapaka rangi kwa brashi kupitia tundu lile, kisha wakamalizia kwa mkono, mshipa kwa mshipa, doa kwa doa. Mwenye kitalu alichagua picha za miti aliyokuwa nayo, zikafungwa kitabu kimoja, na mchuuzi akaondoka nacho. Chini ya picha paliandikwa jina na sifa za tunda na wakati wake wa kuiva. Mwishowe picha zake zilizidi 2,000.

Na malalamiko yalikuwa yale yale. Mkulima alichagua katika kitabu, akaletewa mche baadaye, akaupanda, akangoja miaka. Tufaha likitokea dogo, mchuuzi yuko wapi? Wako waliokuwa waongo kweli kweli. Wengine walichukua matunda ndani ya chupa za kioo kinene, ambacho humfanya mtazamaji alione tunda kubwa kuliko lilivyo. Lakini nadhani ubaya wenyewe haukuwa katika picha wala katika chupa. Ulikuwa katika ile miaka ya katikati. Mtu akinunua chungu hukigonga pale pale akasikia sauti yake. Anunuaye mti hana la kugonga. Hulipa leo kwa neno la mtu, na tunda likija, zuri au baya, mambo mengi yamekwisha kupita hapo kati: jua, mchwa, mifugo, na watu kufa.

Mwezi wa Februari 2017 bwana shamba alikuja shuleni kwetu kuwafundisha watoto kubebesha miembe. Baada ya somo nikamwalika nyumbani, akauone mti wangu wa uongo, na ikiwezekana aukate na kuubebesha upya. Hakuutazama juu. Alichuchumaa, akatoa kisu, akakwangua udongo na majani makavu penye shina. Akakaa vile kitambo.

"Mwalimu," akaniuliza, "nani alikula kichwa cha mti huu?"

Akanionyesha. Shibiri moja juu ya ardhi palikuwa na kovu la kubebesha, safi kabisa, kazi ya fundi. Juu ya kovu palikuwa na kisiki kikavu, kirefu kama kidole. Na chini ya kovu, ubavuni, ndipo lilipotoka chipukizi ambalo sasa lilikuwa shina nene kama paja, likakimeza kile kisiki karibu chote. Mwembe jekundu ulikuwa umekufa mwaka 2010. Uliozaa ni ule wa chini, wa kienyeji, ambao yule kijana hakuuza tunda lake wala hakuweka picha yake kitabuni. Machipukizi ya chini ya kovu huondolewa kwa mkono yakiwa machanga, akasema bwana shamba, kila mnunuzi huambiwa hivyo. Nami nalikumbuka, ndiyo, kwamba tuliambiwa. Mama alikuwa ameona mti uliokufa ukifufuka, je, angeung'oa?

Na mbuzi alikuwa wangu.

Yule kijana aliomba mara mbili akautazame mti. Angechuchumaa kama bwana shamba, angeona katika dakika moja.

Mti wa nyuma ya jiko, ule uliodumaa, ulikuwa umeanza kuinuka tangu tawi kubwa la mwembe wa kale lilipoanguka mwaka 2014 na kuupa jua. Mwezi wa Desemba 2017 ulizaa maembe manne. Yalikuwa mekundu begani na manjano chini, kama kitabuni, bila kuzidi na bila kupungua. Nalikileta kitabu nje, nikaiweka picha kando ya tunda, watoto wangu wakashangaa. Moja nalimpelekea jirani aliyecheka. Akala, akanyamaza, mwisho akaomba vikonyo.

Nikisema kweli yote, utamu wake si mkubwa. Halina nyuzi nyingi, nyama yake ni ngumu, hukaa siku nyingi bila kuoza, na kwa ajili hiyo wafanya biashara walipenda kulisafirisha; lakini kwa utamu embe letu la njiani halishindwi nalo. Hilo kitabu hakikusema, maana hakuna picha iwezayo kusema utamu. Mama angelipenda kwa rangi yake. Angetaka kwanza kulisugua kwa kidole aone kama rangi haitoki.

Mwaka uliofuata nalipanda gari moshi kwenda Kigoma kwa arusi ya ndugu, nikafika Ujiji mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Mwembe waliokutana chini yake haupo tena, ulikufa zamani. Miwili iliyopo sasa husemwa kuwa ilibebeshwa kwa vikonyo vya ule wa kwanza. Wenyewe wawili walitoka hapo wakaja Kwihara mwanzo wa mwaka 1872, karibu kabisa na kwetu, na Livingstone akakaa pale mpaka Agosti. Mwelekezi alikuwa akinieleza haya, nami nimeinama nikitafuta kovu penye mashina. Akaniuliza kama nimedondosha fedha. Sikuona kovu, miti ya umri ule imekwisha kulifunika.

Siku hizi wachuuzi hawaji na vitabu. Huja kwa pikipiki, na picha zao zi ndani ya simu, nzuri kupita kiasi, hata maembe ya buluu naliyaona. Sisemi wachuuzi wote ni wa kweli. Wako wauzao mche wa kokwa tupu kwa bei ya mche uliobebeshwa, na mwaka jana mwenzangu mmoja wa shule ya jirani amepatwa. Ndugu, mchuuzi akikuonyesha simu, itazame kwa adabu, kisha chuchumaa. Tafuta kovu, shibiri moja au zaidi kidogo juu ya udongo. Lisipokuwapo, hicho ulichoshika ni kokwa lililoota. Likiwapo, uliza chini ya kovu pafanywe nini, ukayashike maneno utakayoambiwa, ukamfunge mbuzi wako.

Na yule kijana? Nalimtafuta. Nalikwenda soko la Tabora, nikauliza wauza miche wa kando ya barabara. Mmoja akasema alihamia Urambo, mwingine akasema Kaliua, mwingine akasema aliacha kazi ile tangu alipopoteza kitabu chake. Nyuma ya jalada pana nambari ya simu, nikaipiga mara nyingi, haipatikani. Kijijini nalisimama baada ya ibada, mahali pale pale niliposimama mara ya kwanza, nikawaeleza watu habari ya kovu na ya mbuzi. Walisikiliza, lakini naona habari hii ya pili haikufika mbali kama ile ya kwanza. Bado wako wamwitao mwizi.

Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti hili. Msomaji wa Urambo, wa Kaliua, wa Nzega au wa Sikonge, ukimjua mtu aliyekuwa akizungusha miche kwa baiskeli ya kuazima, kreti mbili nyuma, mwandiko wake mzuri, mwambie kitabu chake ki salama. Mende wamekula pembe ya ile picha ya zabibu, zilizobaki ni nzima. Zile shilingi 4,000 alizotoa nimezitia katika ukurasa wa embe jekundu, pamoja na kitu kidogo kwa miaka aliyokosa kazi. Akija wakati wa mvua atanikuta. Mti u nyuma ya jiko, aende kuutazama.